Maambukizi ya Zinaa Yasiyo na Dalili: Maana Yake na Namna Yanavyogunduliwa

Maambukizi ya zinaa yasiyo na dalili ni hali ambayo vijidudu, viwe ni bakteria, virusi au vimelea, vimekwisha kuingia mwilini kwa njia ya kujamiiana na vinaendelea kuishi humo, ilhali mwenye navyo hasikii maumivu, haoni kidonda wala usaha, na hata akienda haja ndogo hasikii kuwashwa. Mtu huyu hujiona mzima, na bado anaweza kumwambukiza mwenzi wake.

Mfano ulio wazi zaidi ni klamidia, kwani wanawake wengi walio nayo, na karibu nusu ya wanaume, hawaoni dalili yoyote. Kisonono humtoa mwanamume usaha, ndiyo maana hukimbilia hospitali, lakini kwa mwanamke mara nyingi hukaa kimya. Kaswende huanza kwa kidonda kisichouma, ambacho kwa mwanamke kinaweza kuwa ndani ya uke asikione kamwe. Kidonda hicho hupona chenyewe, kisha ugonjwa ukajificha mwilini kwa miaka. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 palitokea maambukizi mapya milioni 374 ya klamidia, kisonono, kaswende na trikomonasi, na yote manne yanatibika.

Ukimya huo una madhara makubwa. Klamidia isiyotibiwa inaweza kupanda kutoka shingo ya kizazi hadi kwenye mirija ya uzazi na kuacha makovu yanayoiziba, hata mimba ikashindwa kushika, au ikatunga nje ya mji wa mimba na kuhatarisha maisha ya mama. Hapa Lamu, ndoa ikipita miaka bila mtoto, macho yote humwelekea mke: atasomewa, atanyweshwa kombe (maji yaliyooshea aya za Kurani zilizoandikwa), atakandwa tumbo na mkunga, na huenda wakwe wakaanza kumtajia mumewe mke wa pili, hali ya kuwa mume mwenyewe hajapimwa chochote. Sina neno juu ya dua, lakini ni dhuluma kumtwisha mwanamke peke yake lawama ya ugonjwa ambao pengine aliletewa ndani ya ndoa, na ambao hata aliyemletea hakujua kuwa anao.

Tatizo jingine liko katika utaratibu wa matibabu. Katika vituo vingi vya afya nchini Kenya, magonjwa haya hutibiwa kwa kufuata dalili: mwanamume akieleza kuwa anatokwa na usaha, hupewa dawa za kisonono na klamidia kwa pamoja bila kusubiri majibu ya maabara. Anayelalamika hunufaika siku hiyo hiyo, jambo ambalo si dogo kwa mtu aliyepanda boti kutoka Faza au Kizingitini. Asiye na la kulalamikia utaratibu huo haumfikii kabisa.

Njia ya kumfikia ni kipimo. Klamidia na kisonono huweza kupimwa kwa mkojo, au kwa pamba laini ambayo mwanamke anaweza kujipitishia mwenyewe ukeni, ingawa mashine za kazi hiyo haziko katika kila zahanati. Kaswende na virusi vya Ukimwi ni rahisi zaidi: tone la damu kutoka ncha ya kidole hudondoshwa kwenye kipande kidogo cha plastiki, na mistari inayojitokeza husomwa baada ya dakika chache. Wajawazito hupimwa hivyo kliniki, na hakuna sababu ya kukwepa, kwa kuwa kaswende isiyotibiwa inaweza kumuua mtoto tumboni, ilhali kaswende ya mwanzo hutibiwa kwa sindano moja ya penisilini.

Majibu yakionyesha maambukizi, mwenzi naye hana budi kutibiwa, hata kama anaapa kuwa hana tatizo. Mume akiwa baharini au kazini Mombasa, dawa alizomeza mke peke yake zitamponya kwa muda tu, kisha ataambukizwa upya mume akirudi. Wawili hao wajizuie kukutana kimwili hadi siku 7 zipite baada ya wote kutibiwa klamidia, na wapimwe tena baada ya miezi 3.