Iskandaria: bandari iliyokunywa maji ya kuletewa

Mgeni akifika Iskandaria, Misri, swali lake la kwanza huwa ni ule mnara wa taa wa kisiwa cha Pharos. Sisi wa mambo ya kale tungependa aangalie kwanza chini ya miguu yake, maana mji wa kale ulijengwa juu ya mabirika, yaani matangi ya maji yaliyojengwa chini ya ardhi.

Alexander Mkuu aliuanzisha mwaka 331 KK kwenye ukanda mwembamba kati ya bahari na ziwa Mareotis. Manahodha walipapenda: tuta la kama mita 1,200 liliunganisha bara na Pharos, likagawa maji kuwa bandari mbili. Shida ilikuwa maji ya kunywa. Yalivutwa kwa mfereji kutoka tawi la Mto Nile, yakapitishwa chini ya nyumba. Wenye nafasi waliyaacha yatulie ndipo wakanywa. Mafukara waliyanywa na tope lake, wakaugua.

Vita vya mwaka 48 KK viliufichua udhaifu huo. Julius Caesar, jemadari wa Roma, alikuwa amezingirwa mjini akimuunga mkono malkia Cleopatra. Ganymedes, kamanda wa jeshi lililomzingira, akaziba mifereji, akapandisha maji ya bahari kwa magurudumu na kuyamwaga kwenye njia za maji za Warumi. Yalianza kuwa na chumvi kidogo, kisha hayakunyweka kabisa. Askari wakataharuki, wakataka kukimbilia merikebuni. Caesar akaamuru visima vichimbwe, na usiku uleule yakapatikana maji matamu tele. Mtu wa pwani aliyewahi kuchimba kisima karibu na ufuo hatashangaa.

Waarabu walipoutwaa mji mwaka 642, makao ya utawala yalihamia Fustat, mahali palipo sehemu ya Cairo ya leo. Biashara haikufa. Pilipili na viungo vya Bahari ya Hindi vilipitia Bahari ya Shamu na Nile hadi mikononi mwa wafanyabiashara wa Venice. Mfereji ulikuwa ukijaa mchanga mara kwa mara. Sultani al-Nasir Muhammad aliufukua upya mwanzoni mwa karne ya 14. Msafiri wa Morocco Ibn Battuta, ambaye mwaka 1331 angefika Kilwa, alipita hapa mwaka 1326 akaukuta mnara umebomoka upande mmoja. Aliporudi mwaka 1349 hata mlango wake haukuingilika.

Birika la El-Nabih bado lipo. Ukishuka ndani unaona ghorofa 3 za nguzo zilizong'olewa kwenye majengo ya kale na kubebeshwa moja juu ya nyingine, nyingine zikiwa bado na majani yaliyochongwa vichwani.