Betri ya sola hufia stoo

Msimu wa korosho ukianza, familia nyingi za Newala, Tandahimba na Ruangwa huhamia shamba, na siku hizi pamoja na godoro na sufuria hubeba paneli na betri. Betri hizo tunaletewa chuoni zikiwa zimekufa, na mwenyewe anaapa kwamba hakuitumia vibaya. Mara nyingi anasema kweli. Iliharibika baada ya mavuno, ilipowekwa stoo bila chaji.

Betri ya risasi na asidi ikikaa tupu, bamba zake huota chembe za salfeti. Zikiwa changa, ukichaji zinayeyuka. Zikishakomaa, chaja ya kawaida haiziwezi. Hata betri iliyojaa hupungua yenyewe polepole, na joto letu huharakisha. Kwa hiyo ijaze kwanza, chomoa nyaya zote, kisha uichaji tena kila mwezi. Betri ya kujazwa maji, maji yakipungua, ongeza maji ya betri tu. Ya kisima yana madini.

Ipime kwa mita ikiwa imepumzika saa kadhaa, haichajiwi wala haiwashi kitu. Ya volti 12 ikisoma 12.7 imejaa, 12.2 iko nusu, chini ya 12 imekwisha. Wengi hupima saa sita mchana, wanaona 14, wanafurahi. Hiyo ni volti ya kuchajia.

Nusu hiyo, yaani 12.2, ndiyo mwisho wa matumizi ya kila siku. Betri ya volti 12 yenye Ah (ampea-saa) 100 ina wati-saa 1,200, yaani una 600 za kutumia. Televisheni ya wati 50 na taa nne za wati 5 zinakupeleka kwa muda wa saa nane na ushei. Chomeka pasi ya wati 1,000 kwenye inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) uone: nusu saa haifiki. Pasi ya mkaa bado ina kazi yake shambani!

Betri ya gari usiinunue kwa kazi hii, hata muuzaji akikupunguzia bei. Bamba zake nyembamba zimetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache injini iwake. Ukiimaliza kila usiku, inachoka mapema.

Ya litiamu huvumilia kutumika hadi asilimia 80 ya chaji yake, ila chaji kontrola, kifaa kinachosimamia chaji kutoka kwenye paneli, lazima iwe na mpangilio wa litiamu. Na hiyo, tofauti na ya asidi, ihifadhi ikiwa na chaji nusu.