Sumu Iko Majini au Inatengenezwa Tumboni? Maswali na Majibu Kuhusu Maji ya Kunywa

Nikichemsha maji bakteria wanakufa. Na sumu yao je, nayo inaisha?

Inategemea ni bakteria gani. Wengi wanaotuharisha kupitia maji hawaji na sumu mkononi. Wanaingia wakiwa hai, wanajishika kwenye ukuta wa utumbo, wanazaliana, na humo humo ndimo wanapoitengeneza. Chukua bakteria wa kipindupindu. Sumu yake ikiingia kwenye seli za utumbo mwembamba, seli hizo zinaanza kumwaga chumvi bila kukoma, na chumvi ikitoka maji yanaifuata. Ndiyo sababu mgonjwa anaharisha maji meupe kama yaliyooshea mchele, na aliyezidiwa anaweza kupoteza hata lita nzima kwa saa moja.

Kwa hiyo ukimuua bakteria huyo kabla hujamnywa, hakuna tena wa kutengeneza sumu. Wapo E. koli, bakteria wa utumboni wanaotoka na kinyesi, ambao moja ya sumu zao haiharibiki hata ikichemshwa nusu saa. Lakini hiyo isikutishe, kwa sababu kinachoelea majini ni kidogo mno. Kinachomuumiza mtu ni kile kinachotengenezwa tumboni baada ya kunywa.

Kundi moja linakwenda kinyume na haya yote, nalo ni la wale wanaoyafanya maji ya lambo kuwa ya kijani. Hao sumu yao iko tayari ndani ya maji, na kuchemsha hakuiondoi. Tutawafikia.

Nichemshe kwa muda gani? Mkaa umepanda bei.

Dakika moja tu, ila uhesabu kuanzia pale maji yanapotokota kweli kweli, yaani mapovu makubwa yanapanda kutoka chini na hayatulii hata ukikoroga. Yale mapovu madogo yanayoning'inia pembeni mwa sufuria ni hewa inayotoka, maji bado. Bakteria wa kuharisha hawawezi kuhimili joto la nyuzi 70 kwa muda, kwa hiyo maji yanapofika 100 kazi imeshakwisha. Kuchemsha dakika 20 ni kuchoma mkaa bure. Wanaoishi zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari ndio wanaoambiwa wachemshe dakika tatu, kwa kuwa huko maji hutokota kabla hayajapata joto kamili. Hata Lushoto mjini, kule milimani Usambara, hapajafika urefu huo.

Shida kubwa huja baada ya kuepua. Maji yaliyochemshwa hayana kinga yoyote ndani yake. Ukiyamimina kwenye ndoo uliyoisuuza kwa maji ya kisima, au mtoto akizamisha kikombe na vidole vyake ndani, umerudi ulikotoka. Kuna bakteria wa kuhara damu ambao hata kumi hadi mia moja wanatosha kumlaza mtu, na idadi hiyo inakaa bila tabu chini ya ukucha. Yaache yapoe kwenye sufuria lile lile likiwa limefunikwa, kisha uyaweke kwenye ndoo yenye koki au dumu la mdomo mwembamba, ya kumimina na si ya kuchota.

Na klorini je? Kipimo chake ni kipi?

Vidonge vinavyouzwa zaidi madukani, vyenye miligramu 67 za dawa, ni kimoja kwa ndoo ya lita 20 ya maji maangavu. Viko vya ukubwa mwingine pia, kwa hiyo soma pakiti kabla ya kukitumbukiza. Subiri dakika 30 ndipo unywe.

Ukikosa vidonge, Jik ya kawaida iliyoandikwa asilimia 3.5 inafaa, mradi isiwe ya manukato wala yenye sabuni. Kwa lita 20 pima mililita 1.2 kwa bomba la sindano jipya kutoka duka la dawa. Maji yakiwa na ukungu, weka 2.4. Kukadiria kwa kifuniko cha chupa ndiko kunakofanya watu waseme klorini inanuka vibaya, na wakati mwingine ni kweli wamezidisha mara kumi. Chupa iliyokaa dirishani ikipigwa na jua, au iliyofunguliwa miezi mingi, imepoteza nguvu. Itanuka kidogo na haitaua kitu.

Maji ya tope yachujwe kwanza. Tope na mabaki ya majani hula klorini kabla haijawafikia bakteria, nao bakteria hujificha ndani ya chembe za udongo. Shabu inasaidia kuyatuliza, lakini kazi yake inaishia kwenye kuyafanya yang'ae. Maji yaliyotulizwa kwa shabu bado yanataka klorini au moto.

Ipo pia njia isiyo na gharama, nayo ni jua. Jaza maji maangavu kwenye chupa za plastiki zinazopitisha mwanga, za lita moja hadi mbili, uzilaze juu ya bati kwa saa sita za jua kali. Mawingu yakitanda zaidi ya nusu ya anga, ziache siku mbili mfululizo. Kujua kama maji yanafaa, simamisha chupa juu ya gazeti na uchungulie kupitia mdomo wake: usipoweza kusoma herufi zilizo chini, yachuje kwanza.

Tuko Tongoni. Choo kiko mita 30 kutoka kisimani kama tulivyoelekezwa, na bado watoto wanaharisha kila masika. Kwa nini?

Kanuni ya mita 30 imetungwa kwa ajili ya ardhi ya mchanga na udongo, ambako maji hupita taratibu na bakteria wengi hukwama au kufa njiani. Sehemu kubwa ya ukanda wa pwani ya Tanga chini yake kuna mawe ya chokaa na ya matumbawe, na mawe hayo yana nyufa. Anayetaka kuona maji yanavyoweza kuyachimba aende mapango ya Amboni, yote yale ni kazi ya maji. Kwenye ufa, maji ya shimo la choo hayachujwi. Yanaweza kufika kisimani yakiwa na bakteria wote walio hai, na masika yanayasukuma kwa kasi zaidi.

Mfano mbaya ulitokea Walkerton, mji mdogo wa Kanada, Mei 2000. Mvua kubwa ilisomba samadi ya ng'ombe hadi kwenye kisima kifupi cha mji kilichochimbwa kwenye mwamba wenye nyufa, na klorini haikuwa imewekwa ya kutosha. Watu zaidi ya 2,000 waliugua na saba wakafa. Bakteria aliyehusika zaidi alikuwa E. koli wa aina ya O157, ambaye sumu yake hutoka utumboni ikaingia kwenye damu na kuharibu figo, hasa za watoto wadogo.

Kwa hiyo mita 30 zihesabu kuwa ndicho kiwango cha chini, na sakafu ya shimo la choo iwe angalau mita moja na nusu juu ya usawa wa maji wakati wa mvua, maana kiangazi usawa huo hushuka na kudanganya. Kama choo kipo upande wa juu wa mteremko, kihamishe au ujenge karo lisilovuja. Kisima chenyewe kijengewe ukingo, kifuniko, na sakafu ya saruji inayopeleka maji yaliyomwagika mbali. Hata ukifanya yote hayo, kwenye ardhi kama hiyo maji ya kunywa yatibiwe kila siku.

Maji ya kisima chetu yana chumvi chumvi. Wazee wanasema wadudu hawaishi humo.

Kwa bakteria wa kipindupindu ni kinyume kabisa. Maji ya chumvi kidogo, kama ya midomo ya mito inapokutana na bahari, ndiyo makao yake ya asili. Humo hujishika kwenye vijidudu vidogo vya majini ambavyo jicho huviona kwa taabu. Kwa sababu hiyo, huko Bangladesh watafiti waliwaonyesha wanavijiji kuchuja maji kwa sari kuukuu la pamba lililokunjwa mara nne, na kipindupindu kikapungua karibu nusu. Matokeo yalichapishwa 2003. Khanga iliyochakaa na kufuliwa inaweza kutumika vivyo hivyo, nyuzi zake zikiwa zimevimba na kubana. Ni hatua ya kwanza tu, lakini palipokosekana kila kitu ni bora kuliko kunywa hivi hivi.

Lambo letu Handeni limekuwa la kijani. Tukichemsha maji yake tunaweza kunywa?

Hapana, kama kijani hicho ni cha sainobakteria, lile kundi tulilolitaja mwanzoni. Kitambue kwa fimbo. Ichovye uitoe polepole: zikining'inia nyuzi ndefu kama nywele, hayo ni majani ya kawaida ya majini. Fimbo ikitoka imepakwa kitu laini kama rangi ya ukutani, wakati mwingine cha kijani kinachoelekea buluu, ondoka hapo na uondoe mifugo.

Sumu zao, hasa ile iitwayo mikrosistini, hushambulia ini. Moto hauzivunji. Maji yanapopungua kwenye sufuria, sumu inabaki na kuwa nzito zaidi. Klorini ya ndoo nayo inaweza kupasua seli na kuimwaga sumu iliyokuwa imefungwa ndani. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu moja kwa lita katika maji yanayonywewa kila siku, kiasi ambacho ulimi hauwezi kukionja. Agosti 2014 mji wa Toledo, Marekani, uliwakataza wakazi wake wapatao 400,000 kunywa maji ya bomba, na tangazo likasisitiza wasiyachemshe.

Tafuteni chanzo kingine mpaka rangi iishe. Kwa mwaka ujao, zungushieni lambo uzio na mwachie mifugo birika la kunywea nje, kwa sababu samadi ndiyo mbolea inayowalisha hao bakteria.

Mtu akianza kuhara, tumpe dawa gani?

Maji na chumvi kwanza. Pakiti ya ORS, yaani chumvichumvi na sukari za kurudisha maji mwilini, ichanganywe na kiasi kilichoandikwa juu yake, kwa kawaida lita moja ya maji safi, na inayobaki baada ya saa 24 imwagwe. Ukikosa pakiti: lita moja ya maji, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa usoni. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto. Akitapika, subiri dakika kumi, kisha umpe kijiko kimoja kimoja. Mtoto wa miezi sita na kuendelea apewe pia zinki miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14; aliye chini ya hapo, miligramu 10.

Madafu ni kinywaji kizuri cha kuongezea, ila yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, na sodiamu ndiyo inayomwagika kwenye kipindupindu. Yasichukue nafasi ya ORS.

Flagyl tunayoikimbilia dukani haimuui bakteria wa kipindupindu. Na kwa yule E. koli wa figo, antibayotiki inaweza hata kumfanya atoe sumu zaidi, ndiyo maana damu kwenye choo ni ya kupeleka zahanati, si ya kujinunulia dawa. Nenda haraka pia ukiona macho yamezama, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole, mtoto amelegea au hajakojoa kwa saa sita, au choo ni maji matupu yasiyokoma.

Kisima kimeingiliwa na maji ya mafuriko. Tukisafishe vipi?

Toeni maji yote na tope kwa pampu au ndoo, na mtu asishuke ndani ikiwa pampu ya mafuta inaunguruma karibu, moshi wake huua. Kisima kikijaa tena, pima upana wake na kina cha maji. Chenye upana wa mita moja na kina cha maji mita tatu kina lita kama 2,360. Kwa kila lita zinatakiwa miligramu 50 za klorini, kwa hiyo unga wa klorini wenye nguvu ya asilimia 65 utahitajika gramu 180 hivi.

Jaza maji kwenye ndoo ya plastiki, kisha utie unga kidogo kidogo ukiwa mahali penye hewa na umevaa glavu. Usimimine maji juu ya unga. Acha mashapo yatuame, mimina maji ya juu tu kisimani huku ukizungusha, na mengine uoshee kuta. Funika kwa saa 24 na hakuna atakayechota. Baada ya hapo vuteni maji mpaka harufu ipungue, na mnayoyamwaga yasielekezwe mtoni wala kwenye bwawa la samaki. Siku chache baadaye mwombeni bwana afya apeleke sampuli maabara kwenye chupa iliyotakaswa, ikiwa kwenye barafu na ifike ndani ya saa sita. Majibu yanayokubalika ni E. koli sifuri katika mililita 100. Akionekana hata mmoja, rudieni dawa, na mkague upya choo kilicho jirani.