Pemba ndani ya wastani: dhana potofu kuhusu mikoa na takwimu za Zanzibar

Kila ripoti ya takwimu inapotoka, barazani huzuka hesabu za kila namna. Mmoja husema Zanzibar imeongezeka kwa asilimia kadhaa, mwengine huichukua asilimia hiyo hiyo akaipeleka Micheweni, huku Pemba, kana kwamba imehesabiwa Micheweni. Mimi ni Mpemba na jambo hili linaniuma, maana kinachopotea katika hesabu hizo mara nyingi ni Pemba.

Dhana: Zanzibar ni mkoa mmoja wa Tanzania

Ina mikoa mitano: Kaskazini Unguja, Kusini Unguja, Mjini Magharibi, Kaskazini Pemba na Kusini Pemba. Ukiijumlisha na 26 ya Bara unapata 31. Mitano hiyo ina wilaya 11, na chini ya wilaya ziko shehia.

Mkanganyiko una asili yake. Tafiti za taifa zima, kama ule wa afya ya uzazi na mtoto, huikusanya mikoa katika kanda: Kanda ya Ziwa, Kanda ya Kati na nyenginezo, na Zanzibar nayo hukaa kama kanda moja. Kanda hizi hazina mkuu wala bajeti. Zimeundwa kwa ajili ya hesabu tu, ili kila fungu liwe na kaya za kutosha kuhojiwa. Orodha za kimataifa nazo huongeza utata zinapoandika "Zanzibar Kaskazini" upande mmoja na "Pemba Kaskazini" upande mwengine, utadhani Pemba iko nje ya Zanzibar. Hiyo "Zanzibar" yao inayokusudiwa pale ni Unguja.

Dhana: wastani wa Zanzibar unatuhusu sote sawasawa

Hapa ndipo penye uzito. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar, ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Hilo ni ongezeko la asilimia 45, na nimewasikia watu wakiishika hiyo 45 na kuitumia kukadiria madarasa ya skuli na visima vya kila mahali.

Sasa tazama mikoa. Kusini Unguja umetoka 115,588 ukafika 195,873, karibu asilimia 70. Mjini Magharibi umetoka 593,678 hadi 893,169, asilimia 50. Kusini Pemba umeongezeka kwa asilimia 39, Kaskazini Unguja 37, na Kaskazini Pemba, kutoka 211,732 hadi 272,091, haufiki hata 29. Hakuna mkoa hata mmoja ulioongezeka kwa asilimia 45.

Wastani huelemea kwenye watu wengi. Mjini Magharibi peke yake una asilimia 47 ya watu wote wa Zanzibar, ingawa kwa ardhi ni mdogo kuliko Kusini Unguja. Kwa hiyo tunaposoma "Zanzibar", karibu nusu ya tunachokisoma ni mjini. Sisi Pemba tulikuwa asilimia 31 mwaka 2012, tukawa 29 mwaka 2022, japokuwa idadi yetu yenyewe imekua kutoka 406,848 hadi 543,441. Mstari mmoja wa "Zanzibar" hauonyeshi lolote kati ya haya.

Wapo wanaosema nchi ndogo kama hii haihitaji kukatwakatwa. Lakini Malta, nchi ya visiwa huko Ulaya, ni ndogo kuliko Zanzibar kwa ardhi na kwa watu. Umoja wa Ulaya una mfumo wake wa maeneo ya takwimu, uliowekwa kisheria mwaka 2003, wenye ngazi tatu. Katika ngazi mbili za juu Malta yote ni eneo moja, lakini katika ya tatu visiwa vyake vidogo vya Gozo na Comino vimetengwa na kisiwa kikuu. Kawaida eneo la ngazi hiyo huwa na watu 150,000 hadi 800,000, na Gozo hawafiki hata 50,000. Wameandikiwa mstari wao hivyo hivyo. Pemba tuko zaidi ya nusu milioni.

Na mkoa nao huficha mambo. Ndani ya Mjini Magharibi mna Mji Mkongwe, na mna mashamba ya viungo ya Kizimbani. Ile asilimia 70 ya Kusini Unguja haisemi kama watu wameingia Tunguu, Wilaya ya Kati, au Paje, Wilaya ya Kusini. Lazima uteremke wilayani, kisha shehiani.

Dhana: jina la wilaya likibaki, takwimu zinalinganishika

Mwaka 2012 Zanzibar ilikuwa na wilaya 10. Wilaya ya Magharibi, iliyokuwa na watu 370,645, baadaye ikagawiwa kuwa Magharibi A na Magharibi B. Ukiiweka Magharibi A ya leo mbele ya Magharibi ya 2012 utadhani watu wamehama. Jumlisha A na B kwanza.

Dhana: kila takwimu inaweza kutolewa kwa shehia

Sensa inaweza, kwa sababu inapita nyumba kwa nyumba. Kila shehia hukatwa maeneo madogo ya kuhesabia, na karani hupewa lake. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya ni kitu chengine: huhoji kaya chache zilizochaguliwa. Ule wa 2019/20 ulikuta asilimia 25.7 ya watu wa Zanzibar wako chini ya mstari wa umasikini wa mahitaji ya msingi. Atakayekwambia shehia yenu nayo ni 25.7 anabahatisha tu. Pengine katika shehia yenu haikuhojiwa hata kaya moja.

Majimbo ya uchaguzi pia yasichanganywe na haya. Yanakatwa na Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, kwa kazi yake.

Dhana: mtu huhesabiwa kwao

Sensa ya 2022 ilimuhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Haikutazama alikozaliwa, wala wapi watamzika. Kijana wa Konde aliyelala Mwanakwerekwe usiku ule yumo ndani ya zile 893,169 za Mjini Magharibi. Katika 272,091 za Kaskazini Pemba hayumo, hata kama mama yake Konde bado anamuwekea chakula.