Mlango wa nyuma ndio duka: dhana potofu kuhusu kazi ya meneja wa mauzo

Ukiingia duka kubwa la rejareja Mombasa, iwe Nyali, Bamburi au mjini karibu na Digo Road, meneja wa mauzo utamkuta kati ya shelfu, karatasi mkononi, akimuuliza huyu na kumwelekeza yule. Kwa anayetazama, hiyo ni kazi ya kusimama na kuamrisha. Dhana potofu juu yake ni nyingi, na nyingine zinaumiza watu: keshia hukatwa mshahara kwa kosa lisilo lake, na duka linalouza sana hufungwa kwa deni la wasambazaji.

DHANA: Kazi yake huanza mlango wa mbele unapofunguliwa.

UKWELI: Duka la saa mbili asubuhi linamtaka meneja saa kumi na mbili na nusu. Kwanza anasoma vipimajoto: friji za maziwa zisizidi nyuzi 5, friza za nyama na samaki ziwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Usiku stima ikikatika na jenereta isiwake, hapo ndipo inapojulikana, kabla mteja hajanunua maziwa yaliyoanza kuganda. Maduka yaliyo karibu na bahari yana adui wa ziada: upepo wa chumvi hula mabati ya nyuma ya friji, na vumbi likishikana na chumvi, mashine hufanya kazi mchana kutwa bila kupoza. Nyuma ya friji pafagiliwe na pafutwe kila wiki.

Kisha mlango wa nyuma. Hapa ndipo fedha nyingi hupotelea, kimya kimya, mbali na macho ya wateja. Mkate, maziwa na soda hufika karibu kwa wakati mmoja, madereva wote wana haraka, na kila mmoja ameshika invoisi anataka muhuri. Utaratibu unaozuia hasara ni huu: gari moja tu ndilo lishushwe kwa wakati mmoja, mzigo uhesabiwe kwa kufuata oda ya duka, maana invoisi ya msambazaji inasema alichokusudia kuleta, na huenda si alichokileta, katoni chache zifunguliwe, zikiwemo za chini, tarehe za mwisho za matumizi zisomwe, vya kupimwa vipimwe kwenye mizani ya duka. Mzigo usiingie stoo kabla hesabu haijakwisha, kwa sababu ukishachanganyika na wa jana hakuna anayeweza kuthibitisha lolote. Kilichopungua kiandikwe kwenye nakala zote za invoisi, dereva aweke sahihi, ndipo muhuri ugongwe. Ahadi ya “nitaleta kesho” bila maandishi ni mali iliyokwenda.

DHANA: Mauzo yakipanda, faida imepanda.

UKWELI: Fanya hesabu. Bidhaa imenunuliwa kwa shilingi 80 na inauzwa 100, bei zote bila VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani. Zikitoka 50 kwa siku, mauzo ni shilingi 5,000 na faida ghafi ni 1,000. Sasa weka offa ya asilimia 10. Bei inashuka hadi 90, wateja wanafurahi, zinatoka 70. Mauzo yamefika 6,300, ripoti inapendeza, ila kila moja inaacha shilingi 10 tu: faida ni 700. Ili kurudi pale pale palipoanzia, lazima ziuzwe 100, yaani mara mbili. Na hapo hujagusa mifuko, umeme na saa za ziada za wafanyakazi.

Wengine huteleza mapema zaidi, kwenye kodi. Kwa bidhaa inayotozwa VAT ya asilimia 16, bei ya 116 kwenye shelfu ina shilingi 16 ambazo duka linazishika kwa niaba ya KRA, mamlaka ya mapato. Anayetoa gharama ya 80 kwenye 116 na kujihesabia faida ya 36 anaishi kwa pesa ya wengine. Kosa la tatu ni kuchanganya asilimia mbili: ukiongeza asilimia 25 juu ya gharama ya 80 unapata 100, lakini faida hiyo ni asilimia 20 ya mauzo. Meneja anayejadiliana na msambazaji bila kujua ni ipi inayotajwa huondoka mezani akiwa amepunjwa, naye anashukuru.

DHANA: Stoki ikipungua, kuna mwizi.

UKWELI: Wezi wapo, wa nje na wa ndani. Lakini kabla ya kumshuku mtu, fuata karatasi. Sababu ya kawaida kabisa ni vipimo: katoni 10 za vipande 24 zimepokelewa kama vipande 240, kisha keshia anauza katoni nzima kwa kuskani kipande kimoja. Nyingine ni ladha. Mteja ana juisi sita za bei moja, tatu za embe na tatu za pasheni. Keshia anaskani ya embe mara sita. Jioni embe imezidi tatu na pasheni imepungua tatu. Ukihesabu pasheni peke yake utaona wizi. Ukihesabu zote mbili utaona haraka ya keshia.

Halafu kuna hali ya hewa ya Pwani, ambayo vitabu vya uongozi haviitaji. Sukari hushika maji na kuwa bonge, unga huota ukungu, biskuti hulainika ndani ya pakiti iliyotoboka, na chokoleti hugeuka uji karibu na kioo kinachopigwa na jua. Magunia yakae juu ya palleti, shibiri moja kutoka ukutani, hasa masika ya Machi hadi Mei. Kila kilichoharibika kiandikwe siku hiyo hiyo kwenye daftari la hasara kabla ya kutupwa. Kikitupwa bila kuandikwa, mwisho wa mwezi kitaitwa kimeibwa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Dawa yake: kila siku zihesabiwe bidhaa 20 zinazopotea upesi, wembe, maziwa ya unga, manukato, betri. Kusubiri hesabu kuu ya mwaka ni kutafuta nyayo baada ya mvua.

DHANA: Pesa ikipungua kwenye droo, keshia alipe.

UKWELI: Hili linastahili kusemwa kwa sauti, maana wengi wanadhulumiwa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inaruhusu kukata upungufu wa pesa iwapo umetokana na uzembe au udanganyifu wa mfanyakazi ambaye mkataba wake unataja waziwazi kwamba amekabidhiwa pesa. Makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili za mshahara. Kugawanya upungufu kwa makeshia wote wa zamu, wenye kosa na wasio nalo, hakumo humo.

Kazi ya meneja ni kuzuia upungufu usitokee. Kila keshia awe na droo yake na namba yake ya siri. Droo ya watu wawili haina mwenyewe. Chenji ya kuanzia ihesabiwe mbele yake. Shilingi 3,000 zinaweza kupangwa hivi: noti 10 za mia, noti 20 za hamsini, sarafu 30 za ishirini, 30 za kumi na 20 za tano. Chenji ikikosekana, keshia hukopa droo ya jirani, na hapo ndipo hesabu inapovurugika. Kumlipa mteja chenji kwa peremende ni kumfukuza polepole.

Kwa M-PESA, ujumbe ulio kwenye simu ya mteja si ushahidi, kwa sababu hubuniwa. Malipo yathibitishwe kwenye simu au mfumo wa till ya duka, yaani namba ya kupokelea malipo, na jumla ya till ilinganishwe na jumla ya mashine kila zamu inapobadilika. Ukisubiri usiku, hutajua kosa ni la nani.

DHANA: Ramadhani ni kuongeza oda ya kila kitu.

UKWELI: Mwezi wa Ramadhani husogea nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka, kwa hiyo kulinganisha Machi hii na Machi iliyopita hupotosha. Linganisha wiki ya Ramadhani na wiki kama hiyo ya Ramadhani iliyopita. Siku za mwisho za Shaabani watu hubeba mizigo mizito: unga wa ngano, sukari, mafuta, tambi, tende, mbaazi. Kumi la mwisho mkono huhamia kwenye nguo, viatu vya watoto na manukato. Oda kubwa ya tende baada ya mwezi 20 itabaki stoo mpaka Idi ipite.

Saa nazo hubadilika. Baada ya Alasiri foleni hujaa, karibu na Magharibi duka huwa tupu ghafla, na wateja hurudi baada ya Tarawehe. Rosta ipangwe hivyo: wafanyakazi waliofunga wapumzike kwa futari, wasiofunga washike kaunta, kisha siku ya Krismasi zamu zigeuke.

DHANA: Mteja hakosei kamwe.

UKWELI: Hukosea, kama sote. Bei ya shelfu ikiwa chini kuliko ya mashine, mpe ya shelfu na ubadilishe lebo papo hapo. Akimtukana keshia, meneja asimame upande wa keshia.

DHANA: Meneja mzuri hakosi kazini hata siku moja.

UKWELI: Sheria hiyo hiyo ya Ajira inampa kila mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi zenye malipo. Likizo hiyo pia inalilinda duka, kwa kuwa dosari nyingi za vitabu huonekana pale mtu mwingine anapovishika. Kabla hajaondoka, pesa za sefu zihesabiwe na watu wawili na wote waweke sahihi, funguo ziandikwe moja moja, oda zilizo njiani na madai ya wasambazaji yaorodheshwe, na bidhaa 50 za thamani zaidi zihesabiwe pamoja na anayempokea.