Mimba, kutoka damu na sheria ya Uganda: maswali ambayo wengi wanaogopa kumuuliza musawo (mhudumu wa afya)

Musawo, hapa Uganda kutoa mimba inaruhusiwa ama imekatazwa kabisa?

Huku kwetu Arua utasikia mmoja anasema imekatazwa kabisa, mwingine anasema siku hizi imefunguliwa, na wote wamekosea. Katiba ya 1995, kifungu cha 22, inakataza isipokuwa pale sheria imeruhusu, halafu sheria ya makosa ya jinai inamkinga daktari anayefanya operesheni kwa nia njema kuokoa maisha ya mama. Nje ya hapo adhabu ni kali, anayemtoa mwenzake mimba anaweza kufungwa hadi miaka 14 na mwanamke mwenyewe hadi 7. Mwaka 2006 Wizara ya Afya ilitoa mwongozo unaotaja pia hali kama kubakwa, lakini mwongozo sio sheria ya bunge, ndio maana madaktari wengi wanasitasita, na hii inaniuma sana kwa sababu mwenye shida ndiye anabaki amekwama katikati.

Dada yangu alikunywa dawa fulani sasa anatoka damu nyingi. Nikimpeleka hospitali si watamfunga?

Mpeleke sasa hivi, haya mengine utasoma baadaye. Kumtibu mtu ambaye mimba imetoka, iwe imetoka yenyewe ama imetolewa, inaruhusiwa na hospitali za serikali zinafanya hiyo kazi kila siku. Mwambieni nesi ukweli amekunywa nini na saa ngapi, maana bila hiyo anatibu kwa kubahatisha. Damu ikilowesha pedi mbili kwa saa na ikaendelea hivyo saa mbili, ama ana homa, uchafu unaonuka, tumbo linauma sana, kizunguzungu, hapo hakuna kungoja asubuhi wala kungoja mume arudi, itisha boda ama gari ya jirani muende. Na kama maumivu yako upande mmoja wa tumbo na anazimia, hata kama hajanywa kitu chochote, inaweza kuwa mimba imekaa nje ya kizazi, na hiyo inaua haraka.

Na mitishamba, chai kali, ama sabuni ya unga?

Hapana jamani. Sabuni inachoma koo na tumbo na mimba inabaki palepale. Kijiti kikiingizwa ndani kinatoboa kizazi na kinaleta maambukizi kwenye damu, wengine wanaishia kutolewa kizazi wakiwa bado wasichana wadogo.

Nilibakwa juzi, sijamwambia mtu. Nifanye nini?

Pole sana mwanangu, kosa sio lako hata kidogo. Nenda hospitali leo leo. Dawa ya kuzuia HIV lazima ianze kabla ya masaa 72 kuisha, na mapema zaidi ni bora. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba navyo vinafanya kazi vizuri ndani ya siku 3, mpaka siku ya 5 bado vinaweza kusaidia ingawa nguvu imepungua. Vidonge hivi havitoi mimba iliyokwisha kushika, vinachelewesha yai kutoka. Usingoje kumaliza mambo ya polisi ndio utibiwe. Nguo ulizovaa usizifue, ziweke kwenye karatasi, sio kwenye kavera (mfuko wa plastiki) kwa sababu unyevu unaharibu ushahidi. Ukikosa wa kukusindikiza piga 116, laini ya simu ya msaada inayoitwa Sauti, ni bure.

Mama mkwe anasema sindano ya kupanga uzazi inaleta ugumba, ni kweli?

Sio kweli, lakini naelewa hiyo hofu inatoka wapi. Sindano ya miezi mitatu ukiiacha, mimba inaweza kuchelewa kushika miezi mingi, hata karibu mwaka, sasa majirani wakiona hivyo wanasema umeharibika. Ukitaka mtoto karibuni chagua njia nyingine, mfano kijiti cha mkononi ama koili, zikitolewa tu uzazi unarudi haraka. Ila hakuna hata moja kati ya hizo inayozuia HIV wala kaswende, kwa hiyo kondomu mwendelee kutumia.