Mama alifariki kwa saratani ya ovari: kwa nini daktari anauliza habari za utumbo wa mjomba?

Mwaka 1895, katika mji wa Ann Arbor nchini Marekani, mshonaji nguo mmoja alimweleza Dk. Aldred Warthin, bingwa wa patholojia (uchunguzi wa magonjwa kwenye viungo na seli), kwamba ana hakika atakufa mapema. Alisema ndugu zake wengi walikuwa wameondoka kwa saratani ya tumbo, ya utumbo au ya viungo vya uzazi. Siku hiyo hakuwa mgonjwa. Miaka ilipopita akafa kweli, kwa saratani ya mfuko wa uzazi. Warthin hakumpuuza. Aliifuatilia familia ile, na mwaka 1913 akachapisha alichokiona. Leo tunaiita hali hiyo sindromu ya Lynch, kwa jina la Dk. Henry Lynch wa Omaha, aliyeeleza familia nyingine mbili za aina hiyo mwaka 1966.

Ovari, viungo vya mwanamke vinavyotoa mayai ya uzazi, na utumbo mpana hukutania wapi? Kwenye jeni. Kila seli inapogawanyika hunakili maandishi yake ya urithi, na makosa ya kunakili hayakosi. Jeni za MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2 hufanya kazi ya kuyasahihisha. Mtu aliyerithi mojawapo ikiwa mbovu hubaki na nakala moja nzima kutoka kwa mzazi wa pili. Nakala hiyo nayo ikiharibika ndani ya seli fulani, makosa hurundikana mpaka saratani ianze, mara nyingi kwenye utumbo mpana au kuta za ndani za mfuko wa uzazi, na mara nyingine kwenye ovari. Katika wanawake 100 kwa ujumla, takribani mmoja hupata saratani ya ovari maishani. Kwa wenye hitilafu ya MLH1 au MSH2 ni takribani 10. Kwa utumbo mpana, bila uchunguzi wa mara kwa mara, wanaweza kufika 40 au zaidi.

Saratani nyingi za ovari hazitokani na sindromu hii. Hata za kurithi, nyingi hutokana na jeni za BRCA, ambazo huambatana zaidi na saratani ya matiti. Lakini mama akiugua ovari kabla ya miaka 50, au ukoo ukiwa na saratani za utumbo na za uzazi kwa pamoja, swali lazima liulizwe.

Na liulizwe pande zote mbili. Wengi wetu tunaamini ugonjwa wa kike hupita kwa wanawake tu. Sivyo. Mjomba aliyeugua utumbo, au baba ambaye hajaugua kabisa, anaweza kubeba jeni mbovu ya Lynch, na kila mtoto wake, wa kiume au wa kike, ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Kwa hiyo "alikufa kwa tumbo" haitoshi. Ulizeni wazee: tumbo gani, akiwa na umri gani, alifanyiwa upasuaji wa nini?

Ninasisitiza utumbo kwa sababu ovari bado hazina kipimo cha kuaminika cha kugundua saratani mapema. Si ultrasaundi, si kipimo cha damu cha CA-125. Mwenye jeni hii aliyemaliza kuzaa hushauriwa kuzungumza na daktari kuhusu kuondoa ovari na mfuko wa uzazi. Utumbo mpana, kwa upande wake, una kolonoskopi, kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa. Wenye hitilafu ya MLH1 au MSH2 huanza kati ya miaka 20 na 25, kisha hurudia kila mwaka mmoja au miwili. Kinundu kinachoonekana hukatwa papo hapo, kabla hakijawa saratani. Na damu kwenye choo isitibiwe kama bawasiri mwaka mzima bila kuchunguzwa.

Mgonjwa akifanyiwa upasuaji, ombeni kinyama kilichokatwa kipimwe kama protini za jeni zile nne za kusahihisha zipo; zikikosekana, Lynch hushukiwa. Mama akiwa ameshafariki, ulizeni maabara ya hospitali alikotibiwa: kinyama kilichohifadhiwa kwenye nta kinaweza kupimwa hata miaka kadhaa baadaye, na majibu yake yakawaonyesha watoto pa kuanzia.